Tunachokosa Likasi Si Kichocheo

Kuna hadithi inayosimuliwa sana siku hizi, kuanzia mikutano ya Kinshasa hadi kwenye vijiwe vya hapa Likasi, na kila anayeisimulia huimaliza kwa tabasamu. Dunia, wanasema, inataka haidrojeni, mafuta ambayo yakiungua hutoa mvuke wa maji tu. Haidrojeni hupatikana kwa kupitisha umeme majini. Kinachokwamisha ni vichocheo, kwa sababu mashine za kisasa za kazi hiyo hutaka platini na iridiamu, madini adimu ya bei ya kutisha. Maabara za dunia nzima zinashindana kutafuta madini ya bei nafuu ya kushika nafasi hiyo, na yanayotajwa kila mara ni kobalti, nikeli na chuma. Kobalti ni yetu. Basi tuwangoje wanasayansi wamalize kazi yao, zamu ya Katanga itafika. Serikali yetu, iliyojitangaza kuwa nchi-suluhisho katika mikutano ya tabianchi, imeipenda hadithi hii, na sishangai: haimdai mkubwa yeyote afanye jambo lolote leo.

Mimi nasema hadithi hii imeoza kwenye mzizi. Kichocheo cha bei nafuu hakijawahi kupotea hata kitafutwe. Kimo viwandani kwa karibu miaka 100. Kobalti itakayohitajika kwa kazi hiyo, hata ikiyashinda madini mengine yote, ni kidogo mno kubadilisha maisha ya mtaa mmoja wa Kikula. Na kinachotuzuia sisi kinajulikana na kila mama wa Likasi anayewasha makala huku waya wa umeme umepita juu ya paa lake.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoihubiri hawajaitazama. Mwaka 1800, jijini London, William Nicholson na Anthony Carlisle walipitisha umeme wa betri ya Volta kwenye maji wakaona viputo vikipanda: upande mmoja haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Kwa hesabu za kemia, volti 1.23 zingetosha kuyapasua maji. Kiwandani hazitoshi. Mashine hudai volti 1.8 hadi 2, kwa kuwa atomi hazikubali kuachana na kushikana upya bila kusukumwa. Kichocheo hupunguza msukumo huo wa ziada. Hakileti nishati yoyote. Hupunguza upotevu, basi. Mashine zilizopo sokoni hula kilowati-saa 50 hadi 55 kwa kila kilo ya haidrojeni. Tuseme leo usiku mtafiti mmoja amepata kichocheo cha kushusha volti kutoka 1.9 hadi 1.7, jambo ambalo lingemletea tuzo na picha magazetini. Ataokoa kilowati-saa 5 hivi kati ya 50. Zile 45 lazima zitoke mahali fulani, zilipiwe, na zifike zikiwa nzima.

Hesabu hiyo peke yake ingetosha kunyamazisha nusu ya hotuba tunazosikia. Lakini twende kwenye historia, kwa sababu hapo ndipo uzushi unapoonekana uchi.

Mwaka 1927 kampuni ya Norsk Hydro ya Norway ilianza kutengeneza haidrojeni kwa maji na umeme, na kiwanda chake cha Rjukan kikawa kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo, kikitumia nguvu ya maporomoko ya maji ya milimani. Haidrojeni ile iligeuzwa amonia, na amonia ikawa mbolea. Elektrodi zao zilikuwa za chuma, na upande wa oksijeni chuma kilichopakwa nikeli, zimezama kwenye maji yenye alkali kali. Hapakuwa na platini wala iridiamu. Sisi wa Likasi tuna sababu ya kukikumbuka kiwanda kile kuliko watu wengine, kwani maji mazito waliyoyahitaji Wajerumani kwa utafiti wa atomi yalikuwa zao la pembeni la haidrojeni hiyohiyo, ndiyo maana makomando wa Kinorwe walikilipua kitengo hicho Februari 1943. Wakati huo uranium ya mgodi wa Shinkolobwe, hapa nyuma ya nyumba yetu, ilikuwa imeshafika Marekani. Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York tangu 1940. Vitabu vimeandikwa vingi juu ya vita vya maji mazito. Kinachopita bila kusemwa ni kwamba kiwandani mle kuyapasua maji kwa chuma na nikeli ilikuwa kazi ya kila siku, kazi ya zamu, isiyomshangaza fundi yeyote.

Kama Norway ni mbali, twende Kwekwe, Zimbabwe, upande wa pili wa Zambia. Kiwanda cha Sable Chemicals kilitengeneza haidrojeni kwa maji na umeme tangu miaka ya 1970, kwa nguvu iliyotoka bwawa la Kariba, na kuwalisha mbolea wakulima wa nchi nzima. Kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya aina hiyo duniani. Misri nayo ilikuwa na chake Aswan, kwa umeme wa Mto Nile. Afrika imekwisha kuifanya kazi hii, kwa viwango vya kiwanda, kabla ya wengi wanaotuhubiria leo kuzaliwa. Na kitengo cha Kwekwe kilifungwa mwaka 2015. Nani alikiua? Nikeli haikupanda bei hadi ikashindikana, wala hakuna aliyegundua kwamba elektrodi zake ni mbovu. Umeme ulikuwa hautoshi nchini, mitambo ikawa mizee na yenye kula sana, na ilionekana afadhali kununua amonia Afrika Kusini kuliko kuwanyima watu mwanga. Huo ndio mfano wa karibu kabisa na sisi, majirani wa ukanda mmoja wa madini, na sijasikia hata siku moja ukitajwa katika mkutano wowote wa haidrojeni uliofanyika nchini mwetu.

Wapo watakaonijibu kwamba nazungumzia mashine za zamani. Za kisasa, zenye utando mwembamba badala ya alkali, zinapenda umeme wa jua na upepo unaopanda na kushuka, na hizo ndizo zinazotaka iridiamu. Kweli kabisa. Iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka ni tani 7 au 8 hivi, nyingi ikitoka Afrika Kusini, na ukitaka kujenga mashine hizo kwa maelfu ya megawati utagonga ukuta. Hilo ni tatizo la wale waliochagua mashine hizo. Wachina, ambao ndio wanaojenga kwa wingi kuliko wote, wameegemea zaidi mashine za alkali na nikeli zao.

Na hata kwenye mashine za iridiamu, hebu tupige hesabu bila jazba. Megawati moja ya mashine hizo hubeba gramu 400 hivi za iridiamu. Kwa bei ya dola 150 kwa gramu, hiyo ni dola 60,000. Sasa iendeshe mashine hiyo mwaka mzima bila kuizima, kwa umeme wa senti 6 za dola kwa kilowati-saa: utalipa zaidi ya dola 525,000. Iridiamu yote ya mashine, itakayofanya kazi miaka na miaka, ina thamani ya umeme wa wiki 6. Ukipewa bure kichocheo hicho kesho asubuhi, bili ya umeme itabaki palepale. Kungojea kichocheo rahisi katika hali hiyo ni kulilia chumvi ilhali unga wa bukari haujanunuliwa.

Kobalti yenyewe imeshapata nafasi yake ya kung'ara. Mwaka 2008 Matthew Kanan na Daniel Nocera, wa chuo cha MIT Marekani, walitangaza kichocheo cha kobalti na fosfati kinachojiunda chenyewe ndani ya maji ya kawaida, na kujitengeneza kinapoharibika. Ilikuwa kemia nzuri, siwezi kuidharau. Mwaka 2009 ikaundwa kampuni ya Sun Catalytix, fedha zikamiminika, na mwaka 2011 dunia ikaoneshwa jani bandia: kipande cha silikoni kilichopakwa vichocheo vya bei nafuu, kikitupwa kwenye glasi ya maji juani kinatoa viputo. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyozagaa, kana kwamba kila kijiji cha Afrika kingepata umeme kutoka kwenye chupa ya maji. Kampuni ikaachana na jani na kuhamia kwenye betri za aina nyingine, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Lockheed Martin, watengenezaji wa ndege za kivita. Kichocheo cha kobalti hakikushindwa maabara. Kilifaulu, na kufaulu kwake hakukubadilisha gharama ya kitu kingine chochote kinachokizunguka: silikoni, vyombo vya kukusanya gesi, mabomba, usalama wake. Anayesubiri ugunduzi mwingine wa namna hiyo atuambie kwanza ule wa 2008 ulimfikisha wapi.

Sasa nije nyumbani, kwa jambo linalonichoma kuliko yote.

Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, katika mji huu ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Madini husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya sulfuri, kisha maji ya buluu yanayopatikana hupelekwa kwenye ukumbi wa elektrolisi. Aliyewahi kuingia ukumbi wa namna hiyo hausahau. Birika baada ya birika, safu baada ya safu, na ndani ya kila birika mabamba yamening'inizwa kama vitabu rafuni: moja la risasi, moja la kupokea shaba, moja la risasi, moja la kupokea shaba. Umeme ukipita, shaba huganda upande mmoja. Upande wa risasi unaona viputo vidogo vikipanda bila kukoma, na kila kinapopasuka juu ya maji kinarusha chembe ya asidi hewani. Ndiyo ile inayokukwaruza koo na kukutoa machozi kabla hujavuka hata safu ya kwanza. Ndiyo inayotoboa nguo za wafanyakazi. Viwandani hufunika birika kwa vipira vya plastiki vinavyoelea ili kuupunguza ukungu huo.

Viputo vile ni vya nini? Ni oksijeni. Imetoka wapi? Majini. Kila tani moja ya shaba inayotoka kwenye ukumbi wa elektrolisi imepasua lita 280 hivi za maji na kuachia hewani kilo 250 za oksijeni. Haidrojeni ya maji hayo haitoki kama gesi. Inabaki ndani, inarudisha asidi iliyotumika kuyeyusha madini, na asidi hiyo inazunguka tena. Kwa maneno mengine, nusu ngumu ya kazi ambayo maabara za dunia zinaihangaikia, yaani kuing'oa oksijeni kutoka majini, imekuwa ikifanyika Likasi tangu 1929, mchana na usiku, kila umeme unapokuwapo. Wanakemia watakwambia kwamba upande wa oksijeni ndio unaokula ziada kubwa ya volti, na ndio unaotafutiwa vichocheo kwa udi na uvumba.

Na hapo hapo Shituru kichocheo kimo ndani ya birika. Viwanda vya shaba katika nchi zisizo na kobalti huinunua na kuitia kwenye maji ya elektrolisi, miligramu mia moja au mia mbili kwa lita, kwa sababu mafundi waligundua zamani kwamba kobalti kidogo huifanya oksijeni itoke kwa volti pungufu na kuzuia bamba la risasi lisiliwe. Sisi mawe yetu yana shaba na kobalti pamoja. Kobalti huingia yenyewe. Kwa hiyo wazo la kutumia kobalti kurahisisha kuyapasua maji, ambalo linatujia leo limefungwa kwa utepe kama zawadi kutoka ng'ambo, lina umri wa kuwa babu katika viwanda vya shaba.

Hata nusu ya pili, ile ya haidrojeni, mafundi wetu wanaijua. Kobalti inapogandishwa kwa umeme, tofauti na shaba, haidrojeni hushindana nayo kwenye bamba hilohilo. Sehemu ya umeme uliolipiwa kutengeneza kobalti huishia kutengeneza viputo vya haidrojeni vinavyopotelea hewani. Kwa mhandisi wa kobalti haidrojeni ni mwizi; kazi yake ni kuchunga asidi na joto la maji ili mwizi huyo asizidishe. Kuna wazee katika mji huu waliopigana vita hiyo maisha yao yote ya kazi. Ukitaka kujua kwa nini bamba moja linatoa viputo vingi na jirani yake vichache, au mashoti hutokea wapi birikani na hutambuliwaje, usiende MIT. Nenda mtaa wa Panda, hapa Likasi, ukamwulize mzee aliyestaafu elektrolisi, mradi umkute bado hai.

Ndiyo maana hadithi ya kungojea inanikera. Inatugeuza wachuuzi wa unga wa kobalti kwenye kazi ambayo baba zetu waliifanya kwa mikono yao.

Tena biashara yenyewe haipo. Tufanye kwamba kobalti imeshinda, kila mashine ya haidrojeni duniani inatumia kobalti yetu. Kichocheo hupakwa tabaka jembamba mno. Tuseme kilo 1 kwa kila megawati. Mashine za megawati 100,000, nyingi kupita zote zilizopo leo duniani, zingetaka tani 100 za kobalti, na hizo zingedumu miaka. Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025 kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya, na ilipoufungua tena Oktoba iliweka kikomo cha tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Tani 100 ndani ya 96,600! Betri ya gari moja la umeme la aina inayotumia kobalti hubeba kilo kadhaa za madini hayo, yaani zaidi ya mashine ya haidrojeni ya megawati nzima. Mtaalamu akikwambia vichocheo vitaokoa bei ya kobalti, ama hajui kugawanya ama anadhani wewe hujui.

Kuna jambo la pili kuhusu huo unafuu wa bei. Kobalti ilifika karibu dola 95,000 kwa tani mwaka 2018, ikashuka hadi chini ya robo ya hapo mwanzoni mwa 2025. Katika maabara za ng'ambo huandikwa kwamba ni madini ya kawaida, yasiyo ghali, ukiyalinganisha na iridiamu. Sehemu ya unafuu huo hulipwa na wachimbaji wa mkono wanaoshuka shimoni bila nguzo, na wanawake wanaoosha mawe mitoni wakiwa na watoto mgongoni. Sayansi inayojivunia kutumia madini rahisi kwa sababu aliyeyachimba alilipwa kidogo haijapata unafuu. Imesogeza gharama kwa mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye ripoti.

Umeme, basi. Mto Lufira upande wa mashariki wa Likasi ulizibwa Mwadingusha mwaka 1930, Wabelgiji wakitafuta nguvu kwa ajili ya viwanda hivi hivi vya Jadotville. Baadaye ukaja mtambo wa Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Mto Lualaba katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakamilika waya kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700 kuvuka nchi, ukibeba umeme wa aina ambayo haiwezi kuchotwa njiani kirahisi. Vijiji vilivyo chini yake viko gizani hadi leo. Katanga iliundwa kuwa mahali pa kupokea umeme. Hata hivyo, katika nchi nzima ni mtu mmoja hivi kati ya watano mwenye umeme nyumbani, na aliye nao Likasi anajua maana ya deletaje: unazimika saa ya kupika, unarudi usiku wa manane, au unarudi na nguvu ambayo haiwezi kuchemsha sufuria kwenye resho la umeme. Ukitaka kupima hali ya SNEL, shirika letu la umeme, usisome ripoti. Tazama barabara ya Lubumbashi, magunia ya makala yamepangwa pembeni, na kando yake miti ya miombo inayopungua mwaka hadi mwaka.

Mtambo wa Mwadingusha umefufuliwa. Kazi ilikamilika 2021, mashine 6, megawati 78, kwa fedha za wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula kwa kushirikiana na SNEL, na makubaliano yakaupa mgodi huo ulio karibu na Kolwezi kipaumbele cha umeme. Siwalaumu kwa kutengeneza kilichokuwa kimekufa. Lakini ukiipeleka Mwadingusha yote, kila wati, kwenye haidrojeni, utapata tani 37 hivi kwa siku. Hapo jiulize nani atazimiwa. Kampuni ya Fortescue ya Australia ilipokuja mwaka 2021 na ndoto ya haidrojeni ya Inga, kwa ajili ya kusafirishwa nje, swali hilohilo lilikuwa mezani na halikujibiwa. Mkubwa anayetaka tuuze Ulaya umeme uliogeuzwa gesi, ilhali bibi yake anapika kwa makala, ana wajibu wa kulijibu kabla ya kugusia kichocheo chochote.

Na hali ni hiyohiyo hata kwa maji. Ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha, ndilo linalopokea kupitia mto Panda na Lufira maji machafu ya viwanda vya Likasi. Samaki wake wamepimwa na kukutwa na madini yaleyale tunayoyauza: shaba, kobalti. Mji unaopewa ahadi ya mafuta safi yatokanayo na maji haujaweza kuyasafisha maji unayoyamwaga.

Kwa hiyo nadai utafiti usimame? Hapana. Nadai uulize swali la hapa. Vichocheo vingi vinavyosifiwa kwenye majarida hupimwa kwa umeme mdogo, miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, kwa saa chache au siku chache. Kiwanda hutaka mara ishirini, thelathini, hamsini ya hiyo, kwa saa 60,000 na zaidi. Na kuna ugonjwa ambao Norway haukuwa na uzito: mashine za alkali zikizimwa ghafla, umeme hugeuka na kurudi kinyume kwa muda ndani ya mashine, na elektrodi za nikeli huliwa kila tendo hilo linaporudiwa. Wafanyakazi wa shaba wanaujua ugonjwa unaofanana na huo. Umeme ukikatika, ganda linalolinda bamba la risasi huharibika, shaba iliyokwisha kuganda huanza kuyeyuka tena ndani ya asidi, na risasi huichafua inayofuata. Ndiyo sababu ukumbi wenye uangalizi mzuri huwa na jenereta ya kupitisha umeme kidogo wa kushikilia hali mpaka wa SNEL urudi. Elektrodi ya bei nafuu Rjukan inaweza kuwa ghali kupita kiasi Likasi, kwa sababu tu ya idadi ya mara inazozimwa. Hilo sijaliona likichunguzwa kwa uzito na wanaotuahidi utajiri, na ni swali ambalo Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au Chuo Kikuu cha Likasi, kingeweza kulishika bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa nikeli, alkali, chanzo cha umeme na daftari.

Lengo lake pia liwe la hapa. Katanga hula mahindi ya Zambia. Mpaka ukifungwa au mavuno yao yakipungua, bei ya unga hapa hupanda na watu hulalamika hadi redioni. Mbolea tunaagiza. Tani moja ya amonia inataka kilo 178 za haidrojeni, na amonia ndiyo njia ya mbolea ya naitrojeni, kazi ileile iliyofanywa Kwekwe kwa miongo minne. Hata sehemu ndogo ya zile megawati za Lufira, wakati wa masika mto unapojaa, ingefaa kupimwa kwa lengo hilo. Lakini haidrojeni ya kupikia majumbani, ambayo nimeisikia ikipendekezwa kama dawa ya makala, ni upuuzi: ukiwa na kilowati-saa 50 za uhakika, mpe mama resho. Usizigeuze kwanza gesi inayobakiza 33, uibane kwenye mtungi, uisafirishe, halafu uiwashe jikoni.

Kuna watu wataniambia nawakatisha tamaa vijana. Vijana wa Likasi ninaowajua wana diploma za elektromekanika na wanauza kadi za simu. Wangependa kuwekwa mbele ya birika wakatazama viputo. Basi kazi yao ya kwanza iwe kuchukua kipande cha nikeli na kukizamisha kwenye alkali, kisha kuwasha na kuzima umeme kwa ratiba halisi ya deletaje ya Kikula, miezi 6 mfululizo, wakiandika volti kila siku. Atakayeleta jedwali hilo atakuwa na kitu ambacho wanaotuuzia ndoto hawana, na mwekezaji yeyote wa haidrojeni atakayetua mkoani kwetu Haut-Katanga aoneshwe jedwali hilo kabla hajaoneshwa kobalti.